Safu ya Ushauri: Barua za Wacheza Karata za Simu

Mchezo wa karata za kukusanya ni ule ambao kila mchezaji huja na karata zake mwenyewe, alizozipata kwa kufungua pakiti zisizoonyesha kilichomo, badala ya kugawiwa kutoka katika bunda moja la wote. Katika sura yake ya sasa ulianza na Magic: The Gathering, uliobuniwa na Mmarekani Richard Garfield na kutolewa mwaka 1993 kwa karata za karatasi. Kampuni ya Blizzard ni miongoni mwa zilizouhamishia mtindo huo kwenye skrini, na mchezo wake wa Hearthstone ulitoka mwaka 2014, ukafika kwenye simu za mkononi mwaka uliofuata. Kuupakua ni bure, na neno hilo "bure" ndilo linaloiletea safu hii barua nyingi, ambazo nne kati yake zinajibiwa hapa.

Msomaji anayejiita Mkono Mtupu analalamika kwamba amefungua pakiti 33 bila kuambulia hata karata moja ya hekaya, yaani ya daraja la juu kabisa, lililo juu ya zile za kawaida, adimu na bora. Amejaribu kuzifungua usiku wa manane, amejaribu baada ya kuoga, na mara moja alimkabidhi simu mtoto mchanga wa jirani aguse skrini kwa kidole kisicho na dhambi. Anauliza kama simu imerogwa.

Simu haikurogwa. Pakiti moja ina karata tano, na angalau moja kati ya hizo ni adimu au zaidi. Ama hekaya, hiyo hutoka kwa wastani mara moja katika pakiti 20, takwimu iliyotolewa hadharani mwaka 2017 baada ya serikali ya China kuzilazimisha kampuni za michezo kutangaza uwezekano wa kupata kila kitu kinachouzwa kwa kubahatisha. Wastani si ahadi, lakini ahadi nayo ipo, kwani pakiti ya 40 haipitwi bila hekaya kutokea. Kosa la Mkono Mtupu limejificha katika mstari wa mwisho wa barua yake, anapokiri kwamba pakiti hizo 33 ni za seti tatu tofauti, kumi na moja kwa kila seti, na kwamba hekaya ya ukaribisho, ambayo seti huitoa ndani ya pakiti kumi za mwanzo, alikwisha kuipata kote kutatu kabla ya hapo. Kila seti ina daftari lake la hesabu. Msomaji huyu basi amechimba visima vitatu, kila kimoja dhiraa kumi na moja, mahali ambapo maji huenda yakawa dhiraa arobaini chini, na sasa anamlaumu mchawi. Achague kisima kimoja.

Ipo pia njia ya vumbi, ambalo ni mali ghafi ipatikanayo kwa kuvunja karata zisizotakiwa na kutumika kutengeneza nyingine. Hekaya ikivunjwa hutoa vumbi 400, ilhali kuitengeneza hugharimu 1600, kwa hiyo huchinjwa wafalme wanne ili atawazwe mmoja. Karata ya kawaida hutoa vumbi 5 tu, na atakayetegemea hizo pekee itambidi avunje 320. Biashara ya namna hii ingefanywa sokoni, muuzaji angeitiwa mgambo.

Barua ya pili imetoka kwa mzee aliyecheza karata za barazani tangu ujanani, na ambaye mjukuu wake ndiye aliyemwekea mchezo huu. Safu inampa shikamoo yake kwanza. Mzee ana manung'uniko mawili: kwamba mpinzani huja na fungu alilolipanga mwenyewe, na kwamba kijana fulani, kabla ya kumpiga pigo la mwisho, alimwambia, "Umecheza vizuri."

Katika la kwanza mzee ana haki ya kushtuka. Barazani, mtu akikutwa na turufu kikoini huondoka bila marafiki. Katika mchezo huu kuja na turufu ndiyo elimu yenyewe, na nusu ya mechi huwa imekwisha chezwa pale mchezaji anapokaa peke yake kuchagua karata 30 zinazosaidiana, bila kuzidisha nakala mbili za karata moja, au nakala moja tu ikiwa ni hekaya. Kinachozuia fujo ni mana, nguvu ya kulipia karata, isiyopaswa kuchanganywa na maana ingawa wageni wa mchezo hukosa vyote viwili: zamu ya kwanza huleta mana moja, ya pili mbili, hadi kumi, hivyo jitu la gharama kubwa halina budi kungoja zamu yake mkononi kama mgeni rasmi.

Katika la pili, ifahamike kwamba wapinzani wasiojuana hawawezi kuandikiana chochote wakati wa mechi, bali huchagua kauli chache zilizotengenezwa tayari, na Kiswahili hakimo katika lugha za mchezo. "Umecheza vizuri" ilikusudiwa kuwa adabu, lakini ikitangulia pigo la mwisho hugeuka kebehi, mfano wa mtu anayempa pole mgonjwa huku akipima urefu wa sanda. Mzee aiguse picha ya mpinzani na kumnyamazisha. Kitufe hicho barazani hakipo, na wengi wangekinunua.

Mama mmoja anaandika kwamba mumewe huitwa kwenye wali wa nazi na kujibu, "Utambi unaungua," naye anataka kujua huyo Utambi ni nani. Utambi ni kamba ya moto inayokatiza ubao wakati sekunde 75 za zamu zinapokaribia kwisha, na mechi haisimamishwi kwa sababu upande wa pili yuko binadamu anayengoja. Mama amsubiri dakika chache, ila mume anayesema "hii ya mwisho" baada ya kushindwa asiaminiwe.

Wa nne ni kijana anayeuliza kama hazina yake ya karata, aliyoikusanya kwa miaka mingi, inaweza kuhesabiwa katika mahari. Karata za Garfield za mwaka 1993 zinashikika, zinauzika na zinarithika. Za simu hutolewa kwa leseni ya kutumia tu, na masharti yanakataza kuuza akaunti. Mwezi Januari 2023, mkataba kati ya Blizzard na mshirika wake NetEase ulipokwisha, seva za Hearthstone nchini China zilizimwa, na wachezaji wa huko wakakaa bila karata zao hadi Septemba 2024, mchezo uliporejeshwa. Wazee wa upande wa bibi harusi watakapouliza kijana ana mali gani, karata hizo zisitajwe.