Mwanafunzi na Wanafunzi

Mwaka 1908, William Gosset wa kiwanda cha bia cha Guinness, Dublin, alichapisha jaribio la takwimu la t kwa jina la "Student", yaani Mwanafunzi. Kulithibitisha, aliandika vipimo vya watu 3,000 kwenye kadi, akazichanganya, akazigawa nne nne.

Wanafunzi wa leo wana programu ya takwimu ya SPSS. Wanabonyeza, jedwali la jaribio hilo linatoka na mistari miwili: mmoja wa makundi yenye mtawanyiko sawa, mwingine wa yasiyo sawa. Wao huokota wenye thamani ya p chini ya 0.05, kama achaguaye nyanya sokoni. Ikigoma kushuka, mhojiwa "mkorofi" anafutwa, wanabonyeza tena.

Hongereni, wasomi. Kumbe mpika bia alikuwa na kiasi. Waliolewa ni ninyi.