Simba Kususia Ugali

Mbwa wetu Simba hakuwahi kubagua chakula: ukoko, maganda ya maembe, hata kiatu cha mjomba cha kwendea kanisani. Ndiyo maana asubuhi aliponusa sufuria ya ugali akageuza uso, boma zima hapa Tulia, Kitui, likajua kuna neno. Kufikia saa nne alikuwa ametapika povu mlangoni pa jikoni, na kila mtu amekuwa daktari.

Mama mkwe aliagiza maziwa, eti yanaosha sumu. Simba akayanywa, akayarudisha yote kwenye leso ya mama mkwe. Mjomba akaja na vidonge vyake vya maumivu ya kichwa. Tukamnyang'anya kabla hajaviponda, maana dawa za watu za namna hiyo huweza kumuua mbwa. Aliyefanya la maana ni binti yetu: aliondoa chakula, akampa maji kidogo kidogo, kisha akaivuta ngozi ya shingoni na kuiachia. Ilikawia kurudi. Alipofunua mdomo, ufizi ulikuwa wa manjano.

Daktari wa mifugo alishuka kwenye bodaboda na swali moja kwa mama mkwe, akimwita Susu, yaani nyanya. "Susu, huyu anakula nini?"

Mama mkwe alijifuta leso kwanza. "Mahindi ya gunia la chini. Yalinyeshewa yakashika ukungu. Si ya watu, nikamsagia mbwa."

Ukambani huo ukungu una makaburi yake. Mwaka 2004 sumu yake, aflatoksini, iliwapata watu 317, wengi wao wa Makueni na Kitui, 125 wakafa. Machakos mwaka 1981 walianza kufa njiwa, wakafuata mbwa, kisha watu 12. Hilo la njiwa daktari alitusimulia huku akitundika chupa ya maji ya mshipa kwenye msumari wa ghala. Sumu hii haina dawa ya kuivunja, alisema. Mbwa husaidiwa tu huku ini likijipigania. Na moto wa jikoni hauimalizi.

Hapo mjomba akaitazama sahani yake ya isyo, mahindi yaliyochemshwa na maharagwe. "Na haya tunayokula?"

"Ya gunia la juu," akajibu mama mkwe. "Hilo ni kavu."

"Lililalia lipi?"

Sahani zikarudishwa jikoni, kuku wakafungiwa, mjomba akaenda kutafuta jembe la kuchimbia shimo la magunia yote mawili. Mama mkwe akamfuata daktari hadi langoni.

"Hata la kuuza Kitui mjini?"

"Hata la kuuza, Susu."