Kabla Hujawasha Grenda: Hatua Sita za Kung'oa Chujio la Masizi ya Dizeli

Gari la dizeli limetoka Japani, limezoea foleni za Dar es Salaam, na sasa taa ya chujio la masizi (DPF) imewaka. Nguvu zimepungua. Fundi ana jibu mkononi: tukate DPF, tufute kwenye kompyuta, usahau. Haya, kama ni kukata, tukate kwa utaratibu. Grenda itaingia kazini hatua ya sita, na ni marufuku kuruka hata moja.

Hatua ya 1: Kijue unachotaka kukikata. Usione vyaelea, vimeundwa. Ndani ya lile bomba la ekzosi lililovimba mna kauri yenye vijitundu kama sega la nyuki. Kila kijitundu kimezibwa upande mmoja, hivyo moshi hulazimika kupenya ukutani: gesi hupita, masizi hunasa. Chujio zima huzuia zaidi ya asilimia 90 ya masizi hayo. Peugeot 607 ndilo gari dogo la kwanza kutoka kiwandani likiwa nalo, mwaka 2000. Kanuni za Euro 5 zilipoanza Ulaya mwaka 2009, kikomo cha chembechembe kilishuka kutoka gramu 0.025 hadi 0.005 kwa kilomita, na magari mapya ya dizeli yakawa hayana budi kuwa nalo.

Hatua ya 2: Lipe nafasi ya kujisafisha. Masizi yakizidi, kompyuta ya injini hunyunyiza dizeli ya ziada, joto hupanda hadi karibu nyuzi 600 na masizi yanaungua. Kazi hiyo hutaka mwendo usiokatika. Gari linalotoka Mwenge kwenda Kariakoo na kuzimwa halipati hata dakika tano za maana. Taa ikiwa ndiyo kwanza imewaka, toka nje ya mji, pita Kibaha kuelekea Chalinze, shika mwendo wa sheria, na usizime injini kwa dakika 20 hivi. Lakini taa ikianza kumwekamweka au gari likigoma kuvuta, usililazimishe. Nenda hatua ya tatu.

Hatua ya 3: Mtafute anayelichafua. Chujio halitengenezi masizi, hupokea tu. Nozo inayovuja, tabo inayopitisha oili, vali ya EGR iliyoganda kwa uchafu: mmoja wa hawa ndiye mhalifu. Kagua pia vile vibomba viwili vya mpira vinavyokwenda kwenye sensa ya presha. Kimoja kikipasuka, kompyuta hudanganywa kuhusu hali ya chujio, na kifaa kizima kinahukumiwa kwa kosa la kipande cha mpira.

Hatua ya 4: Soma dumu la oili. Masizi huungua, jivu haliungui, na jivu hutoka kwenye oili. Gari la Japani lenye chujio hutaka oili yenye alama ya JASO DL-1, la Ulaya hutaka zile za ACEA zinazoanza na herufi C. Kisha chomoa kijiti cha kupimia. Oili ikiwa imepanda badala ya kupungua, ile dizeli ya kusafishia imeshukia ndani yake. Magari ya dizeli ya Mazda yana alama ya X kwenye kijiti kwa ajili hiyo hiyo: oili ikiikaribia, ibadilishe mara moja.

Hatua ya 5: Piga hesabu mbili. Ya kwanza ni ya mfuko. Kukata ni kulipia grenda, kuchomelea na programu, halafu nozo mbovu inabaki pale pale, na kifaa kilichokuwa kinakuonya kimenyamazishwa. Chujio lililojaa jivu linaweza kufunguliwa na kusafishwa kwa mashine, likarudi kazini. Na kwingine kukata kunakugharimu zaidi: Uingereza, tangu Februari 2014, gari lililotoka kiwandani na chujio likakutwa halina hufeli ukaguzi wa kila mwaka.

Hesabu ya pili ni ya mapafu. Mwaka 2012 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya WHO, liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la 1: mambo yaliyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Chembe zake ni ndogo kiasi cha kuzama hadi vilindi vya mapafu. Anayezivuta ni mama lishe wa kituoni, dereva wa bodaboda aliye nyuma yako, askari wa trafiki, na mwanao ukiwa umefungua vioo kwenye foleni.

Hatua ya 6: Sasa grenda. Ukizifuata tano za mwanzo kwa uaminifu, mara nyingi utakuta haina kazi. Kama kauri imepasuka au imeyeyuka, ling'oe chujio kwa spana na ufunge jingine.

Mafundi wetu, ujuzi wa kufuta programu mnao, na wa kutafuta ugonjwa wa injini mnao pia. Utangazeni huo wa pili, nasi wateja tuulipe bila kunung'unika. Nawe unayenunua gari la dizeli, kabla hujatoa pesa liingize juu ya shimo la gereji, angalia alama za kuchomelea kwenye ekzosi, na likiwa limekatwa, mwachie muuzaji gari lake.