Gharama ya Dakika Tano

Video ya muziki, yaani filamu fupi inayosindikiza wimbo, hupandishwa gharama si na wimbo wenyewe bali na yale yanayouzunguka: mandhari ya kujengwa, mavazi, taa, madoido ya kompyuta na ujira wa watu wanaolipwa kwa siku. Ndivyo "Scream" ya Michael na Janet Jackson, iliyoongozwa na Mark Romanek mwaka 1995, ilivyokadiriwa kumeza dola milioni 7 kwa muda usiofika dakika 5, na baada ya matumizi hayo yote ikatoka bila rangi, nyeusi na nyeupe tupu. Afrika Mashariki nayo haikukubali kuachwa nyuma. "Number One" ya Diamond Platnumz ya mwaka 2013 ilipigwa picha Afrika Kusini, na msanii asiyepanda ndege akaanza kuonekana hajafika.

Huko Rombo, Kajiado nchini Kenya, mlima Kilimanjaro husimama alfajiri nyuma ya mashamba ya nyanya bila kudai ada, lakini mlima wa bure hauna hadhi. Kinachotafutwa ni jumba la kukodi Kitengela na gari la kifahari linalolipiwa kwa saa, ambalo mpiga picha hulizunguka mbiombio huku mwenye gari akiwa kando, akitazama saa na kukagua iwapo viatu vya wachezaji vimekwaruza boneti. Juu ya boneti hiyohiyo msanii huimba kuhusu mali zake. Video ikishatoka, mashabiki huulizana gari lile ni la nani, ilhali jibu wanalo: Jumamosi iliyopita lilibeba maharusi.