Jogoo wa Ghorofa ya Nne

Insha ya shule nchini Kenya ni zao la mtihani kabla ya kuwa zao la fikira. Kiswahili kilipofanywa somo la lazima na la kutahiniwa katika mfumo wa elimu wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, kila mtoto aliyefika darasa la nane alijikuta akidaiwa hadithi. Hadi mtihani wa mwisho wa darasa la nane, KCPE, ulipofanywa mwaka 2023, alipewa dakika 40 za kuilipa. Wa kidato cha nne anadaiwa zaidi: karatasi ya kwanza ya Kiswahili katika mtihani wake wa mwisho, KCSE, humtaka aandike insha mbili, kila moja isipungue maneno 400, kwa saa moja na dakika 45. Ya kwanza ni ya lazima. Ya pili huichagua kati ya tatu.

Katika muda huo mtahiniwa anatarajiwa kuwa amewahi kupatwa na jambo. Hapo ndipo penye taabu, maana watoto wengi hawajapatwa na jambo la kujaza ukurasa mmoja na nusu, au ndivyo walivyoaminishwa.

Insha huanza alfajiri, hata ile inayohusu tukio la saa kumi jioni. Jogoo huwika. Ndege hutumbuiza kwa sauti nyororo, umande humetameta nyasini, na msimulizi aliyekuwa amelala fofofo hurauka, hupiga mswaki, huoga, huvaa sare iliyomkaa chanda na pete, kisha hustaftahi kwa chai ya maziwa na mkate uliopakwa siagi. Msimulizi huyo huenda anaishi Pipeline, mtaa wa Embakasi jijini Nairobi, kwenye ghorofa ya nne ya jumba ambalo dirisha lake linakaribia kugusana na dirisha la jumba la pili. Nyasi hakuna, na jogoo wa mwisho kuonekana ngazini alikuwa njiani kuelekea sufuriani. Kinachomwamsha ni mitungi ya maji inayokokotwa, redio ya jirani na makanga anayeita abiria wa mjini. Sare haikukauka kwa sababu ni Julai, basi imepigwa pasi ikiwa mbichi na sasa inafuka mvuke mgongoni mwake. Soksi moja haionekani. Iliyopatikana ni ya dada yake, ina maua. Foleni ya choo imefika kwenye ngazi, na mbele yake kuna mzee aliyeingia na gazeti.

Vituko hivi vinatosha kuwa insha, tena ya kuchekesha, na mtoto anavijua kuliko mtahini yeyote. Huviacha mlangoni akaenda kuazima jogoo.

Kosa si lake. Vitabu vya marudio vimemjazia orodha za tashbihi, milio na misemo, ambazo darasani huitwa mapambo, na amezikariri akijua kwamba mwongozo wa kusahihisha una nafasi ya msamiati na mtindo. Akiandika kwamba alichelewa kwa sababu ya foleni ya choo, hana hakika kama sentensi hiyo itapata tiki. Akiandika kwamba machozi yalimbubujika njia mbili mbili, ana hakika. Shaaban Robert, aliyechapisha Kielezo cha Insha mwaka 1954, hakuhitaji basi lipinduke ndipo aanze kuwaza, lakini pia hakuwa na msimamizi anayetangaza kwamba zimebaki dakika tano.

Tangazo hilo ndilo huleta ajali ya kwanza ya kweli. Alfajiri imekula ukurasa mzima. Msimulizi bado yuko mezani anapangusa makombo, na safari ya Mombasa aliyoombwa kuisimulia haijaanza. Kasi hubadilika ghafla: tulipanda basi, tukafika, tukaona bahari, ikapendeza, tukarudi. Kuna insha ambamo mswaki umepewa mistari mingi kuliko Bahari ya Hindi.

Wengine hujikinga na balaa hilo kwa kuingia chumba cha mtihani na insha kamili kichwani. Inayopendwa sana ni ya ajali barabarani, kwa kuwa ina kila kitu: gari lililokwenda kasi mithili ya umeme, mlio wa breki, vilio, damu, umati uliofurika furifuri. Swali likija kuhusu ajali, mtahiniwa husujudu moyoni. Likija kuhusu harusi, hafi moyo. Huwapeleka maarusi kanisani haraka, huwavisha pete kwa sentensi moja, kisha huwapakia kwenye gari lililopambwa maua na kuliachilia kwenye mteremko. Mahafali, siku ya michezo na ziara ya kumwona nyanya kijijini zimekwishia kwenye mteremko huohuo. Msahihishaji mzoefu akiona tu wageni wanatafuta usafiri, hujua hakuna atakayefika.

Insha ya methali ina hatari yake. Walimu husisitiza kwamba kinachotakiwa ni kisa kinachobeba maana ya ndani, na wanafunzi huitikia kwa kauli moja kwamba wameelewa. Baadaye hupewa "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu", na mguu huvunjika. Mhusika hukatazwa kupanda mwembe, hupanda, huanguka, na daktari huthibitisha kwa picha kwamba ni guu hasa. Mwenye tahadhari zaidi humfanya mhusika aache shule, ajiunge na genge, afungwe jela na aombe msamaha kwa wazazi, jambo ambalo linatosheleza maana ya ndani; halafu, asije msahihishaji akalalamika, humvunja mguu pia akitoka jela.

Kwenye masuala ya jamii, simulizi hukoma na hoja hushika zamu. Mihadarati, ufisadi, mimba za mapema na migomo shuleni husababishwa na mambo yaleyale: ukosefu wa kazi, malezi mabaya, tamaa na shinikizo la marika. Yote hutatuliwa na serikali, ambayo inapaswa kuingilia kati, ikisaidiwa na wazazi na viongozi wa dini. Neno "mihadarati" likifutwa na kuwekwa "mafuriko", aya nyingi zitabaki zimesimama. Shinikizo la marika pekee ndilo litakaloona haya kuhusishwa na mvua. Hoja hupangwa kwanza, pili, tatu, na ya tano mara nyingi ni ile ya pili imerudi kwa maneno mengine.

Mara chache ukweli hupenya, na hupenya kwa bahati mbaya. Katika mjadala wa simu shuleni mtahiniwa hujadili pande zote mbili, kisha hutoa msimamo mkali kwamba simu zipigwe marufuku kabisa. Lakini anapofika kwenye ugumu wa kutekeleza marufuku hayo, kalamu huchangamka. Hueleza jinsi mkate unavyotobolewa kwa chini ili usijulikane, simu hufungwa kwa karatasi gani ya nailoni, na ni mlinzi wa zamu ipi asiyekagua mikate. Hiyo ndiyo aya bora ya insha nzima, na haina tashbihi hata moja.

Kumbukumbu za mkutano na barua rasmi hazina vituko vingi, kwa kuwa sura zake hukaririwa kwa hofu ya kukatwa alama. Hata hivyo mtu mmoja huweza kuorodheshwa miongoni mwa waliohudhuria na tena miongoni mwa waliotuma udhuru, na mkutano ulioanza saa nane mchana ukafungwa kwa maombi saa saba na nusu.

Hubaki kumaliza, na kwa miaka mingi hilo halikuwa na ugumu. Msimulizi aliyezungukwa na simba, majambazi na mafuriko kwa wakati mmoja aligutuka akajikuta kitandani. Kumbe ilikuwa ndoto. Walimu wengi waliichoka ndoto hiyo wakaipiga marufuku, na wanafunzi wakatii kwa kuhamia wodini. Siku hizi mambo yakimzidi, msimulizi huona kiza na kuzirai. Akizinduka, yumo ndani ya chumba cheupe, wauguzi wamemzunguka, na mama yake anamtazama akilia kwa furaha. Nani alimfikisha hospitali, simba alienda wapi na bili ililipwa na nani, hayo hayaulizwi, maana kengele imelia na karatasi zinakusanywa.