Madaktari wa Pikapu Yangu

Mwenye pikapu uswahilini hakosi ndugu. Mwenye gari dogo huombwa lifti hadi kituoni, yakaisha. Mwenye pikapu huombwa kubeba saruji, makochi ya bibi harusi, mbuzi wa hitima na maturubai ya msiba, na akirudi usiku hoi hukuta ujumbe wa sauti kwenye simu: "Jirani, umelala?" Mimi nina Hilux ambayo umri wake sitautaja kwa kuistahi. Mtaa mzima tunaimiliki pamoja, isipokuwa siku ya kutia mafuta.

Basi ilipoanza kulia, kila mwanahisa alikuwa na lake. Ilikuwa "vuuuu" ya chini chini iliyoanza spidi ikifika arobaini, ikapanda kadiri ninavyokanyaga mafuta, mpaka redio ikawa haina maana tena. Jirani yangu, mwalimu mstaafu, alisema ni difu. Kijana wa bodaboda pale kijiweni alinisikia nikipita tu, akatoa hukumu kwamba tairi zimeliwa upande. Kwenye foleni ya Buguruni, konda wa daladala alichomoza kichwa: "Mzee, giaboksi hiyo, iwahi!" Shangazi, ambaye hajawahi kushika usukani, aliuliza nani alinitupia jicho tangu nipake gari rangi. Ila nimpe haki yake: yeye peke yake ndiye aliyetoa na dawa. Alinipa ubani.

Fundi hakutoa maoni yoyote. Alipanda, akaniambia niendeshe, kisha nikate kushoto. Sauti ikapanda. Kata kulia. Ikapoa. "Mbele, kulia," akasema, akashuka. Gari likikata kushoto uzito hulalia upande wa kulia, na beringi mgonjwa hupiga kelele akibebeshwa. Akapiga jeki, akalishika tairi juu na chini kwa mikono miwili, akalitikisa. Ko-ko, ko-ko. Lilikuwa linacheza.

Habu ilipofunguliwa, grisi iliyotoka ndani ilikuwa nyeupe, imevurugika na maji. Pete ya beringi ilikuwa imebadilika rangi kuwa ya buluu kwa joto, na njia ya kupita gololi imebanduka vipande vipande.

"Mzee, ulipita wapi kwenye maji?"

Jangwani, wakati wa masika. Habu iliyopata moto ikiingia ghafla kwenye maji ya baridi, hewa ya ndani hunywea na kuyavuta maji yapenye kwenye sili iliyochoka. Nami sikuwa Jangwani kwa matembezi. Nilikuwa nimebeba makochi ya binti wa mwalimu mstaafu, na mwalimu mwenyewe amekaa pembeni yangu akisema, "Twende tu, maji hayo mafupi."

Nikaenda Gerezani kutafuta spea. Muuzaji aliweka maboksi mawili juu ya kaunta.

"Bosi, unataka original, au original yenyewe?"

"Tofauti yake?"

"Hii ni original. Hii ndiyo yenyewe."

Bei zao zilipishana kama mara tatu, ilhali namba zilikuwa zile zile. Kwa beringi nyingi za milimita, tarakimu mbili za mwisho ukizizidisha kwa tano unapata upana wa tundu. Iliyoandikwa 30206 tundu lake ni milimita 30. Namba inakuambia itaingia, haikuambii itadumu. Nikapiga simu nyumbani kujadili bajeti, nikaambiwa ada ya shule ni wiki ijayo. Nikachukua yenyewe, nikaisimulia nyumbani kwa bei ya ile nyingine.

Kwa haki, kifaa chenyewe kina akili. Gololi zake ni vipipa vidogo vilivyopunguzwa unene upande mmoja, vimelazwa mshazari, ili vibebe uzito unaotoka juu na vistahimili msukumo wa pembeni gari linapokata kona. Hati ya ubunifu huo aliipata Henry Timken mwaka 1898, mtengenezaji wa magari ya farasi huko St. Louis, Marekani. Aliyafikiria magari mazito na kona kali. Maskini, hakumfikiria mwalimu wangu.

Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikatazama kazi. Pete ya zamani ilitolewa kwa tindo, kugonga huku na huku ili isiende upande. Mpya ikashindiliwa kwa kugongea ile ile ya zamani juu yake, na pete ilipofika mwisho mlio wa nyundo ukabadilika, ukawa mkavu. Fundi akaacha papo hapo. Kisha akaweka donge la grisi kiganjani, akawa anaibonyeza beringi ukingoni mwake kama mtu anayechota mchuzi kwa tonge, mpaka grisi ikachungulia upande wa pili katikati ya gololi zote. Nati aliikaza huku analizungusha tairi, akailegeza, akairudishia kwa vidole tu. Ikikazwa mno beringi inaungua, ikilegea tairi linacheza. Spana boi akamletea msumari badala ya pini ya kufungia nati. Alitazamwa tu. Akaenda dukani mbio.

Niliporudi, gari likiwa kimya, niliandika kwenye kundi la WhatsApp la mtaa: pikapu imepona, gharama zake ni hizi, mwenye chochote achangie. Madaktari wote waliingia mapumziko. Bodaboda akaweka dole gumba. Shangazi akashukuru Mungu na kuuliza kama ule ubani umebaki.

Usiku mwalimu aliniandikia pembeni: "Hongera sana, jirani. Jumamosi una nafasi?"

Nikamjibu kwamba, kwa bahati mbaya, upande wa kushoto nao umeanza kulia. Haukuwa umeanza.

Jibu likaja kabla sijaiweka simu chini: "Pole sana. Lakini mzigo wenyewe si mzito, ni kabati la milango mitatu na friji tu. Tutakwenda polepole."