Chura Halipi Kodi

Hebu niambie wewe uliyeshika gazeti hapo, chura analipa kodi? Halipi. Umeme halipi. Hela ya taka halipi. Ulinzi shirikishi hajachangia hata mia. Halafu siku mimi nahama Tabata naenda Chanika, mwenye nyumba anasimama getini na kunishikia hela yangu ya tahadhari kwa ajili ya chura huyohuyo.

"Nilikukabidhi nyumba haina vyura," anasema. "Nirudishie hivyohivyo."

Jamani! Bwawa nilichimba mimi, sawa. Mama watoto aliona kwenye simu bustani ya watu, maji, mayungiyungi, samaki wanapita kwa maringo. Akataka. Nikachimba nyuma ya jiko, nikatandika turubai, nikanunua perege na kambare mmoja. Lakini vyura sikununua! Masika ilipoanza tu wakaingia wenyewe, bila dalali, bila kodi ya miezi sita. Wakataga, wakajaza viluwiluwi, usiku wanapiga kelele mpaka naombwa radhi na mto wangu mwenyewe. Nani aliwapa mkataba?

Nikaenda kwa mzee jirani, mstaafu wa mambo ya uvuvi. Yule huniita mwanangu mbele za watu, na mimi ndevu zimeshaingia mvi.

"Shikamoo mzee. Naomba gunia, nihamishe vyura."

"Marahaba mwanangu. Vyura hawahamishwi hovyo. Kuna ugonjwa wa kuvu unashambulia ngozi zao, umeua vyura nchi nyingi. Ukiwabeba unaweza kubeba na ugonjwa, ukaupeleka kwa vyura wa wenzio. Waache. Maji yakikauka wataondoka wenyewe."

Angeishia hapo ningeshukuru. Akanianzishia habari za vyura wa Kihansi. Wadogo, wa njano, hata sentimita 3 hawafiki. Dunia nzima walikuwa wanaishi sehemu moja tu, kwenye manyunyu ya maporomoko ya mto Kihansi, huko Udzungwa. Likajengwa bwawa la umeme, manyunyu yakapungua, vyura wakaanza kwisha. Unajua walifanywaje? Mwaka 2000 karibu 500 walipandishwa ndege mpaka New York, bustani ya wanyama ya Bronx. Wakalishwa, wakatibiwa, wakazaa. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini wamekwisha, lakini wale wa Marekani wapo, wanakula bata. Mwaka 2012 wakaanza kurudishwa kwao, na huko wamefungiwa mabomba ya kuwanyunyizia maji. Kwangu maji yanatoka mara mbili kwa wiki! Na mimi ndege naiona ikipita tu, tena naziba masikio.

Kosa la mzee ni kumsimulia na mama watoto. "Kumbe kuna chura ameishi Marekani," akasema, ananiangalia kuanzia kandambili kwenda juu. Hakuongeza neno. Angeongeza ingekuwa nafuu.

Basi vyura wakabaki, hela ya tahadhari nayo ikabaki. Nikasema nibebe samaki. Naingia majini kwa bukta, watoto wa mtaa wamepanga mstari ukutani. Kuna vidudu chini kwenye tope vinafinya vidole, nikaruka. Mzee akapaza sauti kwamba hao ni watoto wa kereng'ende, wanakula viluwiluwi vya mbu, nisiwakanyage. Sawa. Mimi nikanyagwe tu.

Nikamkamata perege mmoja, kidevu kimemvimba. Nikajua anaumwa, nikamtenga. Kumbe perege jike analea mdomoni! Mayai mdomoni, watoto mdomoni. Kwa mshtuko akawatema wote kwenye ndoo. Dereva wa Kirikuu akachungulia, akaniambia, "Bosi, bei tuliyoelewana ilikuwa ya vitanda na friji. Hii familia sikuambiwa."

Nikaongeza hela. Kiti cha mbele akakaa mama watoto na televisheni. Mimi nyuma, nimepakata ndoo mbili. Kila tuta maji yananimwagikia mapajani. Foleni ya Gongo la Mboto hiyo, kambare akaruka nje ya ndoo. Nikadhani keshakufa. Kambare hafi kirahisi! Ana kiungo juu ya mashavu cha kuvutia hewa hii yetu, na penye unyevu anatambaa kwa mapezi. Nimekuja kumtoa chini ya godoro, anapumua vizuri kuliko mimi. Nikamrudisha kwenye ndoo iliyo karibu, ile ya wale watoto wa perege. Tunafika Chanika, kambare kashiba, watoto siwaoni. Dereva nikimdai nauli ya abiria waliopotea, anacheka.

Majirani wapya wametoka kumpokea mgeni. Mgeni anashuka, suruali imelowa sehemu ambayo sitaitaja.

Nikafungulia bomba nijaze beseni. Mtoto wa darasa la nne, hata jina langu halijui, akanishika mkono. "Anko, maji ya bomba yana klorini, samaki watakufa. Yaache wazi mpaka kesho." Baba yake akatikisa kichwa kwa fahari. Wangu mimi wanajua katuni.

Sasa sikia hii. Dalali kanitumia tangazo bila kujua ni mimi niliyetoka pale: "Nyumba nzuri Tabata, bustani yenye bwawa, mazingira tulivu." Tulivu! Na kodi imepanda elfu hamsini kwa mwezi. Nikampigia mwenye nyumba kumkumbusha hela yangu ya tahadhari, akasema amenunulia mayungiyungi.

Huku uwanja ni saruji tupu, hata pa kuchimba hakuna. Mwenye nafasi ya samaki aje Chanika achukue, ni bure. Kambare lazima aondoke naye. Na uje na ndoo yako.